Mwizi Asiyeonekana

Nilipokuwa kidato cha tatu, duka la mama yangu pale Morogoro lilianza kupungukiwa hela. Gunia la mchele likiisha, mama alijua lilikuwa na kilo ngapi na kila kilo ilikuwa bei gani, kwa hiyo alijua boksi la hela linatakiwa kuwa na kiasi gani. Kiasi hicho hakikutimia. Sukari ikawa hivyohivyo, unga hivyohivyo, maharage hivyohivyo. Kila wiki palipungua kati ya shilingi 10,000 na 15,000, na kwa duka la ukubwa ule hiyo ndiyo ilikuwa faida yenyewe.

Dukani alikuwepo dada mmoja aliyetusaidia kuuza. Alikuwa amekaa kwetu mwaka na nusu, alinizidi miaka mitatu, na ndiye aliyenifundisha kujisuka mwenyewe bila kioo. Mama hakumpigia kelele. Alimwita jioni moja baada ya kufunga, akamwambia, "Mwanangu, sina ugomvi na wewe, lakini hesabu haziongopi." Kesho yake dada alipanda basi la kwenda kwao akiwa na begi moja na mshahara wa mwezi mzima, ingawa mwezi ulikuwa haujaisha. Mama aliona huo ndio uungwana.

Pengo halikuondoka naye.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya fizikia. Tasnifu yangu inahusu nadharia mbadala za uvutano, yaani zile zinazodai kwamba maelezo aliyotupa Albert Einstein mwaka 1915, uhusianifu wa jumla, si neno la mwisho. Watu wakiniuliza nasoma nini, nawajibu kwa kifupi kwamba nasoma namna ya kumpinga Einstein. Wanacheka, tunahamia mada nyingine. Jibu la kweli ni refu zaidi na linaanzia kwenye lile duka. Linahusu swali ambalo kwangu lilikuwa la maadili kabla halijawa la fizikia: hesabu zisipotimia, ni lini una haki ya kusema kuna mwizi, na ni lini unapaswa kuishuku kanuni unayohesabia?

Mfaransa Urbain Le Verrier alilijibu swali hili mara mbili. Mara moja alipatia, mara moja alikosea.

Miaka ya 1840, sayari ya Uranusi ilikuwa haipiti pale sheria ya Newton ilipotaka ipite. Wapo waliojiuliza kama sheria hiyo inalegea ukienda mbali sana na Jua. Le Verrier aliiamini sheria. Alisema ipo sayari nyingine ambayo bado hatujaitambua, ndiyo inayoivuta Uranusi, na akakokotoa mahali inapotakiwa kuwa. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846, Johann Galle alielekeza darubini huko akiwa Berlin, akaikuta chini ya digrii moja kutoka pale ilipotabiriwa. Ndiyo tunayoiita Neptuni. Mwizi alikuwepo, na alikutwa palepale aliposemwa.

Baadaye ikaja zamu ya Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua. Njia yake ni duaradufu, na duaradufu hiyo yenyewe inageuka polepole. Sehemu kubwa ya mgeuko huo inatokana na mvuto wa sayari nyingine. Ukiitoa sehemu hiyo, kunabaki salio dogo ambalo vipimo vilivyoboreshwa vililiweka kwenye sekunde 43 za pembe kwa karne. Gawanya digrii moja vipande 3,600, chukua vipande 43, kisha subiri miaka mia moja uone mgeuko wa kiasi hicho. Hicho ndicho kilichokosekana kwenye daftari. Le Verrier akafanya alichofanya mara ya kwanza: akasema kuna kitu kingine, karibu zaidi na Jua, ambacho hatujakiona. Daktari mmoja wa kijijini, Edmond Lescarbault, akasema amekiona kikipita mbele ya Jua, na mwaka 1860 Le Verrier akakitangaza. Sayari hiyo ikaitwa Vulcan. Watu waliitafuta kwa miongo kadhaa. Le Verrier alifariki mwaka 1877 akiwa bado anaiamini, na haikuwepo.

Ni mtu yuleyule, hoja ileile, na umakini uleule. Nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza nilitafuta tofauti kati ya Le Verrier wa Neptuni na Le Verrier wa Vulcan, kitu ambacho angeweza kukiona mapema kikamwambia kwamba safari hii anakosea. Sikukipata. Ukiwa umesimama katikati ya hesabu zisizotimia, mwizi wa kweli na mwizi wa kubuni wana sura moja.

Wanaoshuku kanuni nao wana mtego wao. Sheria ya Newton inasema mvuto unapungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Mwaka 1894, Mmarekani Asaph Hall alionyesha kwamba ukiweka 2.00000016 mahali pa 2, Utaridi inatulia. Hakuna sayari ya kutafuta, hakuna darubini ya kuhangaika nayo, ni kusukuma namba kidogo tu. Lakini sheria haikuandikwa kwa ajili ya Utaridi peke yake. Kipeo kipya kiliugusa na Mwezi, na mwendo wa Mwezi ulipokokotolewa kwa umakini zaidi mwanzoni mwa karne ya 20, ulikikataa. Hall aliziba tundu la Utaridi akatoboa jingine kwenye Mwezi.

Novemba 1915 Einstein alizipata zile sekunde 43 bila kuongeza sayari na bila kuchokonoa kipeo. Alichobadilisha ni maana ya uvutano wenyewe. Kwake, Jua haliivuti Utaridi kama mtu anayevuta kamba; Jua linaupinda muundo wa anga na wakati, na Utaridi inafuata njia iliyonyooka kadiri inavyowezekana ndani ya muundo uliopindika. Hadithi hii inasimuliwa sana kama hadithi ya ushindi: Newton kaanguka, Einstein kapanda. Inasimuliwa vibaya. Pale ambapo uvutano ni dhaifu na mwendo ni mdogo ukilinganisha na wa mwanga, milinganyo ya Einstein inarudi kuwa ya Newton. Kila kupatwa kwa Jua kulikotabiriwa kwa usahihi, kila jedwali la maji kujaa na kupwa, yote yalibaki kuwa sahihi. Neptuni haikutoweka mwaka 1915.

Hapo ndipo nilipoelewa deni la anayepinga. Anayesema mizani ni mbovu anadaiwa maelezo ya siku zote ambazo hesabu zilitimia. Haitoshi kueleza siku moja iliyoharibika.

Leo Einstein ndiye amekaa kwenye kiti cha mzee, na sisi wengine tunaulizwa yaleyale. Nadharia ninayoishughulikia inatokana na ile ya Carl Brans na Robert Dicke, iliyotoka mwaka 1961. Wazo lao ni kwamba nguvu ya uvutano si namba moja isiyobadilika ulimwengu mzima. Inabebwa na uga unaoweza kutofautiana kutoka mahali hadi mahali. Ndani yake mna kigezo kinachoitwa omega. Omega ikiwa ndogo, ulimwengu wao unatofautiana wazi na wa Einstein. Ikiwa kubwa, unakaribiana nao. Omega ikikua bila kikomo, mara nyingi nadharia ya Brans na Dicke inageuka kuwa ya Einstein.

Kwa Utaridi hesabu yake unaweza kuifanya nyuma ya risiti. Chukua omega mara tatu, ongeza nne. Gawanya kwa omega mara tatu ukiongeza sita. Zidisha kwa 43. Omega ikiwa 5, unapata sekunde 39 hivi, yaani pungufu ya nne. Dicke hakulikwepa hilo. Alisema huenda Jua lenyewe si duara kamili, limetanuka kidogo kiunoni, na kutanuka huko kunachangia sehemu ya zile sekunde 43. Kama ni hivyo, Einstein amelipata jibu kwa bahati. Mwaka 1967 yeye na mwenzake Mark Goldenberg walichapisha vipimo vya umbo la Jua vilivyoelekea kumuunga mkono. Vipimo vya wengine, baadaye, havikumuunga. Mwaka 2002 chombo cha Cassini, kikiwa njiani kwenda Zohali, kilibadilishana mawimbi ya redio na Dunia huku mawimbi hayo yakipita karibu na Jua. Matokeo yakachapishwa mwaka 2003: omega lazima iwe zaidi ya 40,000 hivi. Rudi kwenye risiti yako uiweke namba hiyo. Tofauti na Einstein inabaki chini ya elfu moja ya sekunde kwa karne.

Kwa hiyo nadharia yangu iko hai, lakini kama mtu aliye hai kwenye chumba ambacho kuta zake zinasogea.

Nilipoanza, msimamizi wangu aliniambia, "Kabla hujaniletea kitu kipya, nirudishie Einstein." Maana yake nichukue milinganyo yangu na kuonyesha, mstari kwa mstari, kwamba kwenye mfumo wa Jua inatoa majibu yale ambayo Einstein alishayatoa. Kazi hiyo ilinila miezi miwili. Niliiona kama kuambiwa niende kwanza kumsalimia mtu ambaye nimekuja kumshtaki. Rafiki yangu anayesoma sheria aliniuliza bila ubaya, "Sasa kama jibu ni lilelile, unalipwa kwa kazi gani?" Sikuwa na jibu, na zaidi ya hapo, silipwi.

Jibu nililonalo sasa ni kwamba nadharia isiyo na mpinzani haijui ipimwe wapi. Kwa miongo mingi baada ya 1915, Einstein alikuwa na vithibitisho vichache, vikiwamo Utaridi na ule mwanga wa nyota uliopindishwa na Jua wakati wa kupatwa kwa tarehe 29 Mei 1919. Dicke alipoleta nadharia yenye kigezo kinachoweza kushindwa, watu wakapata cha kupima. Yeye na wenzake walikuwa miongoni mwa waliosukuma wazo la kuweka vioo Mwezini ili tupime umbali wake kwa leza, na vioo hivyo viliwekwa kuanzia safari ya Apollo 11 mwaka 1969. Imani tuliyo nayo leo juu ya Einstein imejengwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa wakitafuta pa kumkosoa.

Nirudi dukani. Wiki tatu baada ya dada kuondoka, mama alifunga hesabu na pengo lilikuwa lilelile. Aliyekuwa akiuza sasa, nikitoka shule, ni mimi. Mama hakusema kitu. Alinitazama tu, kisha akalitazama lile boksi la hela.

Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu sehemu hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Sikuwa nimeishuku mizani hata siku moja wakati mshukiwa alikuwa dada. Mizani ilikuwa mizani. Niliishuku usiku ule ambao mshukiwa nilikuwa mimi, kwa kuwa kulikuwa na jambo moja nililolijua kwa hakika ambalo mama hakuwa na namna ya kulijua: mimi sijaiba.

Nikaanza kupekua daftari. Sabuni zilitimia. Viberiti vilitimia. Soda zilitimia hadi chupa ya mwisho. Kilichopungua ni vitu vya kupima tu. Halafu nikaona jambo jingine: gunia ambalo sehemu yake kubwa lilinunuliwa na mama ntilie, kilo kumi kumi, lilikuwa na pengo dogo sana. Gunia lililoishia kwa watu wa robo kilo na nusu kilo lilikuwa na pengo kubwa. Mwizi gani huyo anayechagua hela za maskini tu? Nikachukua pakiti ya sukari ya kilo moja, ambayo haijafunguliwa, nikaiweka kwenye mizani. Mshale ukasimama kwenye gramu 960.

Miezi michache nyuma sahani ya mizani ilikuwa imepasuka, mama akanunua nyingine sokoni. Ilikuwa nyepesi kuliko ya mwanzo. Mizani ikiwa tupu, mshale ulitaka kushuka chini ya sifuri, lakini kulikuwa na kipini kinachouzuia, kwa hiyo ulikaa palepale pa sifuri na kuonekana mzima kabisa. Kila tulipompimia mteja tulimpa gramu 40 za bure. Kwenye kilo kumi, gramu 40 si kitu. Kwenye robo kilo, ni karibu mteja mmoja wa bure katika kila saba.

Kosa lisiloonekana kwenye vipimo vikubwa na linalojitokeza kwenye vidogo: nilipofika chuo kikuu nikakutana nalo tena, safari hii kwenye galaksi.

Tangu mwaka 1933, Fritz Zwicky alipopima mwendo wa galaksi kwenye kundi la Coma, na hasa tangu Vera Rubin na Kent Ford walipopima mizunguko ya galaksi moja moja kuanzia 1970, tunajua kwamba hesabu za angani hazitimii. Galaksi zinakwenda mbio kiasi kwamba maada tunayoiona isingeweza kuzishika. Jibu linalokubalika na wengi ni la Neptuni: kuna maada ya giza, isiyotoa mwanga, na ni nyingi kuliko maada yote tunayoifahamu. Mwaka 1983, Mwisraeli Mordehai Milgrom akatoa jibu la mizani. Alisema huenda hakuna kilichojificha. Huenda sheria yenyewe inabadilika pale mchapuko unapokuwa mdogo mno, karibu mara bilioni 80 chini ya ule wa jiwe linaloanguka hapa duniani. Juu ya kiwango hicho Newton yuko sawa. Chini yake, mvuto haudhoofiki kwa kasi ile tuliyozoea.

Kinachonifanya nisimcheke Milgrom ni mpangilio. Mwaka 2016, watafiti waliokusanya vipimo 2,693 kutoka galaksi 153 walionyesha kwamba ukijua mahali ilipo maada inayoonekana, unaweza kukadiria mvuto halisi kwa usahihi wa kushangaza, na pengo linaanza pale karibu na kiwango cha Milgrom. Mwizi huwa hana nidhamu ya namna hiyo. Pengo lenye utaratibu linaelekeza kidole kwenye mizani. Mimi najua, nimeliona.

Ningependa kuishia hapo, ila nadharia ya Milgrom nayo inadaiwa siku nyingine zote. Na moja ya siku hizo ilianzia kwenye pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kupima eksirei za angani. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Miongoni mwa mambo iliyotuonyesha ni kwamba makundi makubwa ya galaksi yanang'aa kwa eksirei katika eneo lao lote. Ilikuja kuthibitika kuwa ni gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, na kwamba gesi hiyo ina tungamo kubwa kuliko nyota zote za kundi zikijumlishwa. Sehemu ya kile kilichokuwa kikikosekana ilikuwa imepatikana, na ilikuwa kitu cha kawaida tu. Hata hivyo haikutosha. Hata ukitumia sheria ya Milgrom, makundi hayo bado yanahitaji karibu maradufu ya maada inayoonekana. Aliyemfukuza mwizi mlangoni anajikuta anamkaribisha dirishani.

Kisha kuna Kundi la Risasi, makundi mawili ya galaksi yaliyogongana. Gesi yao ilikwama katikati kwa kusuguana, galaksi zikapita. Mwaka 2006 watafiti walipopima mahali uvutano ulipo, kwa kuangalia unavyopinda mwanga wa nyuma yake, waliukuta zaidi kule kwenye galaksi, mbali na gesi iliyobeba sehemu kubwa ya maada ya kawaida. Hii ni kama kukuta nyayo za mtu mahali ambapo hakuna mwenye duka aliyekanyaga.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba nikisoma vya kutosha nitajua kutenganisha, huku vitu, huku sheria. Masomo yakanionyesha kwamba ukuta huo wenyewe una nyufa. Mwaka 1971 David Lovelock alithibitisha kwamba ukitaka uvutano unaotegemea muundo wa anga na wakati peke yake, katika vipimo vinne, kwa milinganyo isiyovuka daraja la pili la mabadiliko, huna uchaguzi: utafika kwa Einstein, pamoja na namba moja ya nyongeza. Anayetaka kwenda kwingine lazima avunje moja ya masharti hayo, na wengi wetu tunalivunja kwa kuongeza uga mpya. Sasa niambie, uga mpya ni sheria mpya au ni kitu kipya kisichoonekana? Hata ile namba ya nyongeza, ambayo Einstein aliiingiza mwaka 1917, ukiiweka upande wa kushoto wa mlinganyo ni sehemu ya sheria, ukiihamishia kulia ni nishati iliyojaa kila mahali. Hisabati haijali. Mwizi na mizani vinakuwa majina mawili ya alama moja.

Alama moja haimaanishi swali limekufa. Bado unaweza kuuliza: kinafanya nini? Kinaweza kwenda njia yake, kikawa mahali ambapo maada ya kawaida haipo? Kinaweza kukutwa na hatia, na muhimu zaidi, kinaweza kuachiwa huru? Tarehe 17 Agosti 2017, mawimbi ya uvutano kutoka kwa nyota mbili za nutroni zilizogongana yalifika duniani, na sekunde 1.7 baadaye ukafika mwale wa gama kutoka tukio hilohilo, baada ya safari ya takriban miaka ya nuru milioni 130. Nadharia nyingi mbadala zilizotaka mawimbi hayo yaende kwa mwendo tofauti na wa mwanga zilifia hapo. Waliozitunga waliandika makala kukubali. Hakuna aliyeumizwa. Mwaka 2021 Constantinos Skordis na Tom Złośnik wakachapisha nadharia nyingine ya ukoo wa Milgrom, iliyotungwa ikijua kifo cha wenzake: mawimbi yake yanakwenda sawa na mwanga, na kwenye mfumo wa Jua inarudi kwa Einstein. Inasalimia kwanza, kisha inaongea.

Huu ndio uhuru wa fizikia ambao sikuwahi kuuthamini. Maada ya giza haina mama. Unaweza kuituhumu kwa miaka 90, ukaishikilia tuhuma hiyo asilimia 80 leo na 70 kesho, na kama haipo, hukumdhulumu mtu. Mama yangu hakuwa na nafasi hiyo. Alilazimika kuamua hela za wiki ijayo. Lakini kosa lake halikuwa kufikiri kwamba kuna mwizi. Le Verrier alifikiri hivyohivyo akapata Neptuni. Kosa ni kwamba alitoa hukumu kwa ushahidi unaotosha kufungua kesi tu, na gharama ya hukumu hiyo ikalipwa na mtu ambaye hakushika daftari. Mimi nilikuwepo, nikalala.

Mama alipoiona ile gramu 960, hakulala. Jumamosi tulipanda basi. Alibeba sukari, vitenge viwili, na bahasha. Dada alitupokea vizuri, akaamkia, akatuletea chai. Mama akaeleza yote: sahani, mshale, kipini. Alieleza kirefu, kama mtu anayetumaini kwamba maelezo yakiwa kamili yatageuka kuwa msamaha. Dada alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mizani haikunifukuza."

Hakurudi kwetu. Bahasha aliichukua mama yake.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani. Mama bado ana duka, na mizani siku hizi ni ya kidijitali, lakini kila asubuhi kabla hajafungua anaweka juu yake pakiti ileile ya sukari, ambayo kwa miaka yote hii haijawahi kufunguliwa na sasa imekuwa ngumu kama tofali. Anasubiri namba itulie. Nilikuwa nimekaa kwenye kreti la soda, najaribu kumweleza ninachoandika.

"Kwa hiyo huyo mwizi wenu mmeshamkamata?" akauliza.

"Bado, mama. Hata kama yupo, hatuna hakika."

Akaitazama namba. Ilikuwa moja kamili.

"Basi msimfukuze mtu," akasema, akafungua dirisha la duka.